Naomba kufundishwa kusoma meseji za vifupisho

Mkulima wa Kitangari:

Habari za mchana ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa korosho mwenye umri wa miaka 63, ninaishi Kitangari wilayani Newala, na watoto wangu pamoja na wapwa zangu wametawanyika mijini kwa kazi na masomo. Siku hizi hawapigi simu kama zamani, bali wanaandika, na maandishi yenyewe sivyo nilivyofundishwa darasani.

Msimu uliopita mpwa wangu aliyeko Masasi, ambaye nilikuwa nimemwahidi magunia ishirini na kamba za kufungia, aliniandikia hivi: "Mjmb kxho njoo na magunia 2 kamba zpo." Nilikunja magunia mawili, nikapanda gari alfajiri. Nilipofika nikakuta korosho zimetandazwa uani kwenye turubai, wingu limejikusanya, na kijana ananitazama mikononi akiuliza mengine yako wapi. Kumbe alimaanisha niende na magunia tu, kwa kuwa kamba alikwisha kuzipata. Nilirudi Kitangari siku ileile, nauli ikatoka mara mbili, na korosho zikalala nje usiku mmoja zaidi.

Ninachoomba kujua ni hiki: je, maandishi haya yana kanuni ambayo mtu wa umri wangu anaweza kujifunza, au kila kijana anaandika apendavyo?

Fundi Simu Masasi:

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa usumbufu ule. Kanuni ipo, na ukijua ilikotoka utaisoma bila shida.

Ujumbe wa kwanza wa simu ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na tangu mwanzo ujumbe mmoja ulipimwa usizidi herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidi hapo, simu inaukata vipande na kila kipande kinahesabiwa kama ujumbe wake, kwa hiyo mwenye salio dogo alilazimika kubana maneno.

Sababu ya pili imo kwenye kitochi chako. Tafadhali kishike mkononi ukitazame. Kitufe cha 7 kina herufi p, q, r na s, hivyo ili upate s moja unabonyeza mara nne. Kitufe cha 9 kina w, x, y na z, na x unaipata kwa mara mbili tu. Neno "sasa" linakula mibonyezo kumi, lakini "xaxa" linakula sita. Kwa hiyo popote unapoona x katikati ya neno la Kiswahili, soma s: "kxho" ni kesho, "xana" ni sana. Vijana wa leo wenye simu janja hawana haja ya kuhesabu mibonyezo, lakini mazoea yamebaki.

Zipo pia herufi na tarakimu zinazosomwa kwa jina lake la Kiingereza. C inatamkwa "si", ndiyo maana "cjui" ni sijui na "cmu" ni simu. Tarakimu 2 inatamkwa "tu", kwa hiyo "wa2" ni watu, "ki2" ni kitu na "2taonana" ni tutaonana. Tarakimu ikigandana na herufi, itamke wala usiihesabu. Ikisimama peke yake baada ya jina la kitu, kama yale magunia yako, inaweza kuwa hesabu na inaweza kuwa "tu", na hapo hakuna fundi wa kukuhakikishia. Mpigie aliyeandika.

Binti wa Lindi:

Shikamoo baba. Mimi nakushauri uisome meseji kwa sauti, polepole, kama mtoto anayeunganisha silabi, kwa sababu sikio litaitambua "nmefka slm" kuwa ni nimefika salama kabla jicho halijaitambua.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani:

Fundi amefafanua vizuri. Ningependa kuongeza jambo la irabu, kwa kuwa ndizo zinazoachwa zaidi. Silabi zetu nyingi ni konsonanti ikifuatwa na irabu, na msomaji mzoefu huzirudisha mwenyewe: lkn (lakini), kbs (kabisa), jmn (jamani), asnt (asante). Tatizo ni kwamba katika kitenzi, irabu ya mwanzo ndiyo inayomtaja mtenda. Umefika, amefika na imefika zinatofautiana kwa irabu hiyo peke yake, na anayeandika "mefka" amemficha aliyefika. Vivyo hivyo "bb" inaweza kuwa baba, babu au bibi. Niliwahi kupokea meseji isemayo "bb kalazwa", nikakaa saa nzima nikiomba Mungu pasipo kujua ninamwombea nani, kwa sababu simu ya aliyeandika ilikuwa imezimika.

Vifupisho si vigeni kwetu sisi wazee. Tuliandika n.k. na S.L.P. tangu shuleni, na aliyewahi kutuma simu ya maandishi posta anakumbuka jinsi kila neno lilivyolipiwa. Hata hivyo, waambie vijana wako waziwazi kwamba habari za ugonjwa, msiba na fedha waziandike kwa ukamilifu, na idadi ya vitu iandikwe kwa maneno. Na shikamoo isifupishwe. Mtu anayemwamkia mjomba wake kwa "xkm" hajamwamkia.

Mkulima wa Kitangari:

Marahaba wanangu, na nakushukuru sana mwalimu. Jana jioni binti yangu anayesoma Mtwara mjini ameandika: "Shkmoo bb, 2mepewa mda wa ada had ijumaa, cna hela ya kula." Nimekaa barazani na kalamu, nikaisoma kwa sauti kama nilivyoelekezwa. Tumepewa muda wa ada hadi Ijumaa, sina hela ya kula. "Bb" ni mimi, maana babu yake hana simu.

Nimemtumia fedha, nikamwandikia kwa ukamilifu: "Marahaba mwanangu, nimekutumia shilingi elfu ishirini, nyingine Alhamisi." Amejibu "Axnt xna bb", na hiyo sikuhitaji kalamu. Mpwa wangu nimempigia simu, tumekubaliana kwamba msimu huu ataandika "tu" kwa herufi.