Besi ya nyuzi tano: uzi wa B unapotea nikipiga na bendi, niuze gitaa au nirekebishe?

Mkaza_Nyuzi aliuliza:

Wakuu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wale wanaopiga gitaa la besi la nyuzi tano mara kwa mara.

Ninamiliki gitaa la hadhi ya juu lililotengenezwa kwa mkono. Shingo yake ni ya vipande vitano vya mbao vilivyogundishwa pamoja, uzi una urefu wa inchi 34 kutoka nati (kipande chenye mifereji kwenye mwisho wa shingo) hadi darajani, pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili, lina pikapu mbili (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na priampu, yaani kikuza sauti cha ndani, inayotumia betri ya volti 9. Nyuzi za E, A, D na G zinatoa sauti ambayo sijawahi kuipata kwenye gitaa lingine lolote nililowahi kulishika. Tatizo liko kwenye uzi wa B, ule wa tano, mnene na wa sauti ya chini kuliko yote. Nikipiga peke yangu kwa kutumia hedifoni, ninasikia kila noti, ingawa mwanzo wa noti umelegea kidogo ukilinganisha na uzi wa E. Tukianza kupiga pamoja na ngoma na kibodi, zile noti za C na D za chini zinageuka kuwa mngurumo mmoja, na msikilizaji hawezi kusema nimebonyeza freti (vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo) ya kwanza au ya tatu.

Uzi wa B nilioufunga una unene wa inchi 0.125, na ni wa kawaida, mnene kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu wa kibodi amenishauri niuze gitaa hili nirudi kwenye nyuzi nne, kwa hoja kwamba uzi wa tano ni mapambo. Binafsi sikubaliani naye, kwa sababu nyimbo tunazopiga katika ufunguo wa E-bemoli (E iliyoshushwa nusu toni) zinanidai noti ambazo besi ya nyuzi nne haina bila kulegeza uzi. Je, kosa liko kwenye gitaa, kwenye uzi, kwenye amplifaya au kwenye mkono wangu?

Fundi_wa_Shingo alijibu:

Ndugu Mkaza_Nyuzi, usiuze chochote kwanza. Uzi wa B ndio kipimo halisi cha besi ya nyuzi tano, na gitaa linaweza kuwa zuri kabisa huku uzi huo ukilia vibaya kwa sababu ndogo zinazorekebishika.

Uzi wa E ukiwa wazi hutetemeka mara 41.2 kwa sekunde, na uzi wa B hutetemeka mara 30.87 tu. Ili noti ishuke kiasi hicho kwenye urefu uleule, ama uzi uwe mzito zaidi au uwe umelegea zaidi, na katika seti nyingi yote mawili hutokea kwa pamoja. Uzi mzito sana hupoteza wepesi wa kupinda, na ukishapoteza wepesi huo mitetemo yake ya juu haikai sawasawa juu ya ule wa msingi, kwa hiyo sikio linapokea noti isiyo na ukingo. Huo ulegevu unaousikia kwenye hedifoni mwanzoni mwa noti ndio dalili ya jambo hili.

Mvutano wa uzi hukua kwa kipeo cha pili cha urefu wake. Ukichukua uzi uleule na noti ileile, ukatoka inchi 34 hadi 35, mvutano unaongezeka kwa takriban asilimia 6, na ndiyo maana watengenezaji wengi wa besi za nyuzi tano walihamia inchi 35. Mtengenezaji wa besi Sheldon Dingwall wa Kanada alikwenda mbali zaidi kwa kutandaza freti mshazari, uzi wa G ukabaki na inchi 34 huku wa B ukifika 37, yaani nyongeza ya karibu asilimia 18 ya mvutano kwenye uzi unaouhitaji kuliko yote. Hata hivyo ninazifahamu besi za inchi 34 ambazo B yake inalia kwa ukali na umbo kamili, kwa sababu shingo ni ngumu na kiungo chake na kiwiliwili hakina mwanya. Shingo yako ya vipande vitano inanipa matumaini.

Anza na uzi wenyewe. Tafuta wa 0.130 uliopunguzwa unene mahali unapolala juu ya kile kiti kidogo cha chuma kwenye daraja. Pale ndipo uzi unapotakiwa kupinda kwa kona kali. Uzi mnene hupinda kwa tao pana, na mwisho halisi wa mtetemo unakuwa haujulikani uko wapi. Ukishaufunga, ubonyeze kwa kidole gumba mbele tu ya kiti hadi ukae, kisha fanya hivyo hivyo upande wa nati. Tena nakuomba sana, usikate mkia wa uzi kabla ya kuukunja kwa pembe ya mraba, maana waya wa nje utateleza juu ya kiini na uzi utakufa siku hiyohiyo ukiwa mpya.

Baada ya hapo angalia pikapu. Sumaku ikikaa karibu mno na uzi wa B huuvuta, na sauti inaanza kuyumba kana kwamba kuna noti mbili zinazogombana. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha shusha pikapu upande wa B mpaka pawe na nafasi ya milimita 3 au zaidi kidogo, huku upande wa G ukibaki juu. Shingo nayo ipime kwa kubonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja: mwanya wa karibu milimita 0.3 kwenye freti ya saba au ya nane unatosha. Ukihitaji kugusa fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, izungushe kwa robo mzunguko tu, halafu uipe mbao muda wa kutulia.

Kidole_Gumba alijibu:

Ninaunga mkono yote aliyoyasema Fundi, lakini swali la mkono lisipite hivihivi, kwa sababu kwa maoni yangu nusu ya mngurumo unaousikia jukwaani hautokani na noti unazopiga. Unatokana na uzi wa B unaotetemeka wenyewe wakati unapiga nyuzi nyingine.

Jaribu hivi. Piga mstari wowote kwenye nyuzi za A na D, kwa sauti ya kutosha, halafu simamisha nyuzi hizo mbili kwa ghafla. Ukisikia mvumo unaendelea, huo ni wa B. Kwenye hedifoni hauuoni kuwa tatizo, lakini spika kubwa ikiwa karibu inazidi kuuamsha uzi huo, na kila noti unayopiga inapakwa matope kutoka chini. Mpigaji aliyezoea nyuzi nne huegemeza kidole gumba kwenye pikapu na kukiacha hapo. Kwenye nyuzi tano kidole gumba kinatakiwa kisafiri. Ukipiga uzi wa E, kilaze juu ya B. Ukihamia A, D na G, kiteremke nyuma ya vidole, ubavu wake ukiwa umeegemea nyuzi ulizoziacha juu ili zote zinyamaze. Mkono wa kushoto nao usaidie: ncha ya kidole cha shahada iguse kidogo uzi wa jirani kila unapobonyeza.

Kuhusu hoja ya mapambo, mwambie mwenzako kwamba faida kubwa ya uzi huu haiko kwenye zile noti tano za chini tu. Ukiweka mkono kwenye freti ya tano, una E ya chini kwenye uzi wa B, na bila kuuhamisha mkono kutoka freti ya tano hadi ya nane unafika E-bemoli kwenye uzi wa G, yaani karibu oktava mbili kamili mahali pamoja. Isitoshe, E hiyo ya freti ya tano ina sauti nene na nyeusi kuliko E ya uzi ulio wazi, na katika wimbo wa taratibu tofauti hiyo ni hazina.

Na uzi huu haukuja kwa pupa. Kampuni ya Fender ilitoa besi ya nyuzi tano mwaka 1965, lakini uzi wake wa ziada ulikuwa C ya juu, na mtindo huo haukushika. Katikati ya miaka ya 1970 mpiga besi Jimmy Johnson alikuwa na besi ya kampuni ya Alembic yenye B ya chini, na mwenzake Anthony Jackson alikwishamwomba fundi Carl Thompson amtengenezee ya nyuzi sita mwaka 1975. Hawa walikuwa wapigaji waliozihitaji noti hizo kazini, wakawatafuta mafundi wa kuwatengenezea.

Meza_ya_Sauti alijibu:

Naongea kutoka upande wa mitambo. Makabati mengi ya besi huanza kupungua nguvu mahali fulani kati ya mitetemo 40 na 50 kwa sekunde, kwa hiyo msingi wa B yako, ule wa 30.87, hautoki kwa nguvu hata ungekuwa na gitaa la namna gani. Tunachokisikia sote ni oktava yake kwenye 61.7 na mtetemo wa tatu kwenye 92.6, na ubongo unajaza msingi uliokosekana. Mpigaji anayepandisha kitufe cha besi ili B isikike anafanya kinyume cha anachokitaka: anaisukuma spika icheze mahali isipoweza kuidhibiti, na anaujaza ukanda wa 60 hadi 80 ambao ngoma ya mguu tayari inauhitaji.

Kwa hiyo, ndugu, shusha kitufe cha besi kwenye priampu hadi katikati, weka kichujio kinachokata kila kilicho chini ya mitetemo 30 au 35 kwa sekunde, kisha pandisha kidogo kati ya 700 na 1,000. Noti itapata ukingo wake na msikilizaji atatambua C ni C. Mwombe pia mpiga kibodi aondoe mkono wa kushoto kutoka oktava ya chini kabisa unapokuwa kwenye B. Ikiwa yeye anashika C ileile pamoja nawe, hakuna gitaa litakalokuokoa.

Angalia na betri. Inapochoka, sauti huanza kukwaruza kwenye noti nzito kwanza, na kwenye magitaa mengi ya aina hiyo waya ukiachwa umechomekwa betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi.

Noti_Chache alijibu:

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Kama nyimbo nyingi mnazopiga ziko katika funguo za E, A na G, nyuzi nne zinatosha, na gitaa lenye uzito wa kilo nne na nusu begani kwa saa nyingi si jambo la kupuuzwa. Lakini umesema wazi kwamba unazihitaji E-bemoli na D, na kwa mtu wa namna hiyo kulegeza uzi wa E kila baada ya wimbo ni usumbufu unaoharibu pia mvutano ambao mkono umeuzoea. Libakize. Ila tumia uzi wa B kwa uchache: noti ndefu, mwisho wa beti, mahali wimbo unapopumua. Mistari ya kasi ipeleke kwenye E na A.

Mkaza_Nyuzi alijibu:

Nawashukuru sana wakuu. Jaribio la Kidole_Gumba limenionyesha mvumo ambao sikuwa nimeutilia maanani, na kichujio kimebadilisha kabisa sauti ya mazoezi. Mwenzangu wa kibodi mwenyewe ametambua D ya chini bila kuambiwa. Nimefunga uzi wa 0.130 uliopunguzwa unene darajani, na mwanzo wa noti umekaza. Limebaki jambo moja: uzi huu mpya unagonga freti kuanzia ya kwanza hadi ya sita, ilhali ule wa zamani haukugonga. Je, niguse shingo?

Fundi_wa_Shingo alijibu:

Usiguse shingo bado. Sehemu iliyopunguzwa unene inalala chini zaidi juu ya kiti, kwa hiyo uzi wote umeshuka. Pandisha kiti cha B peke yake, kidogo kidogo, mpaka kule kugonga kutulie, kisha tuni upya na ulinganishe noti ya freti ya kumi na mbili na sauti ya kengele inayotoka ukigusa uzi juu ya freti hiyohiyo bila kubonyeza. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kiti nyuma. Skrubu ikifika mwisho kabla noti haijakaa, toa springi iliyo nyuma ya kiti na utapata milimita kadhaa za ziada. Uzi wa B una nguvu ya kutosha kukishikilia kiti bila hiyo springi. Kama baada ya hapo freti ya kwanza na ya pili peke yake bado zinagonga, niandikie upimaji wa mwanya wa shingo, maana hapo tutakuwa tunazungumzia shingo iliyonyooka kupita kiasi au mfereji wa nati uliochimbwa chini mno.