Ushauri: Ukumbi wetu wa sanaa unataka kuwakutanisha wasanii na watu wa kompyuta, tuanzie wapi?

Fundi_Pazia

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi kwenye ukumbi wa sanaa. Tuna jukwaa moja, chumba cha maonyesho, na nyuma ya jukwaa kuna chumba kipana kilichokuwa stoo ya mapambo. Stoo imehamishwa, na bodi imeamua chumba hicho kiwe mahali pa wasanii kufanya kazi bega kwa bega na waandishi wa programu, watu wa video na mafundi wa vifaa vya umeme. Jambo zima nimekabidhiwa mimi, nadhani kwa kuwa ndiye pekee ninayejua nywila ya ruta.

Kinachonitatiza ni kwamba bodi imeanza na manunuzi. Orodha iliyo mezani ina miwani ya uhalisia pepe, skrini kubwa ya kugusa na printa ya 3D. Mfadhili naye anapenda vitu vinavyopendeza kwenye picha. Ila nikiwauliza wasanii wenyewe, hakuna anayeomba miwani. Mcheza dansi mmoja aliniambia anachotaka ni mtu wa kukaa naye amweleze kama wazo lake linawezekana au ni ndoto za mchana.

Sasa naomba ushauri. Tununue nini, au tusinunue kwanza? Hawa watu wa pande mbili wanakutanishwaje mpaka wakaelewana? Na kazi ikishazaliwa, ni mali ya nani? Waliowahi kupita njia hii, karibuni.

Mzee wa Kebo

Mkuu, huyo mcheza dansi amekwisha kukujibu. Mengine ni nyongeza.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko kompyuta za mezani. Oktoba 1966 kule New York, mhandisi Billy Klüver wa Bell Labs (maabara ya utafiti ya kampuni ya simu) na msanii Robert Rauschenberg waliwakutanisha wasanii 10 na wahandisi wapatao 30, wakatumia jengo la kikosi cha jeshi kama ukumbi wa maonyesho ya usiku tisa. Rauschenberg alitaka mchezo wa tenisi uzime taa. Wahandisi wakaweka maikrofoni na kisambaza redio kidogo ndani ya mpini wa raketi. Kila mpira ulipopigwa, mlio ulijaa ukumbi mzima na taa moja ikazimika, mpaka giza likatanda na mchezo ukashindikana.

Raketi hiyo haikuuzwa dukani. Ilipatikana kwa sababu mtu mwenye wazo na mtu mwenye ujuzi walipewa miezi ya kubishana kabla tiketi hazijauzwa. Mambo mengi yaliharibika kwenye maonyesho yale, vifaa viligoma, na waandishi wa magazeti hawakuwa wapole. Lakini kutokana na kazi hiyo waliunda shirika la E.A.T. (Experiments in Art and Technology, yaani majaribio ya sanaa na teknolojia), ambalo moja ya shughuli zake lilikuwa kumuunganisha msanii mwenye swali na mhandisi mwenye uwezo wa kulijibu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukigharimia ni muda wa watu. Miwani itazeeka ikiwa bado kabatini.

Kasuku_Mtini

Mimi nitasema wasichopenda wengine: nusu ya hii "sanaa ya kidijitali" ni projekta iliyoelekezwa ukutani na maelezo marefu pembeni. Hakikisheni kuna sanaa kwanza.

Dada Msimbo

Kasuku, kuna ukweli hapo, ila hayo maelezo marefu mara nyingi huandikwa kwa sababu mtaalamu aliitwa wiki ya mwisho, kazi ikiwa imeshaamuliwa bila yeye.

Naongea kama mwandishi wa programu. Ukumbi mmoja uliwahi kuniita "nisaidie kidogo". Kidogo hicho kilikuwa kuandika programu yote iliyosoma mwendo wa waigizaji na kuugeuza kuwa sauti. Siku ya uzinduzi jina langu lilikuwa kwenye orodha ya shukrani, chini ya waliokopesha viti. Sikurudi tena, na wenzangu niliowasimulia nao hawakwenda.

Fundi_Pazia, andikeni makubaliano mapema, hata ukurasa mmoja unatosha. Yataje nani anatajwa kama mtunzi, nani anabaki na programu, ukumbi una ruhusa ya kuonyesha kazi kwa muda gani, na kila mmoja anaweza kuchukua nini akakitumie kwenye kazi nyingine. Mimi napendelea hakimiliki ibaki kwa waliotengeneza na ukumbi upewe leseni ya maonyesho. Ukumbi unaodai kumiliki kila kilichozaliwa chumbani mwake utabaki na watu wasiokuwa na kwingine pa kwenda.

Halafu lipeni pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Msanii akilipwa posho na mtu wa kompyuta akalipwa kwa saa, huyo wa pili atakuwa mwajiriwa wa mwenzake na ushirikiano utakuwa umekufa kabla haujaanza.

Nuru ya Jukwaa

Fundi taa hapa. Nyote mmeruka jambo moja: siku ya onyesho.

Kazi inayotegemea waifai hufanya vizuri wakati wa mazoezi kwa sababu ukumbi ni mtupu. Watazamaji wakiingia na simu zao mia kadhaa, masafa yanajaa na kihisi kilichokuwa kinajibu papo hapo kinaanza kuchelewa au kinakata kabisa. Tandazeni kebo za mtandao kutoka chumba hicho mpaka jukwaani na mpaka chumba cha mitambo, na muwe na mtandao wa kazi usioguswa na wageni wala ofisi ya uhasibu. Haupigwi picha ya mfadhili, lakini ndio ningenunua wa kwanza.

Pili, wafungulieni taa zenu. Mfumo wa DMX unaoendesha taa za jukwaa umekuwepo tangu 1986, laini moja ina chaneli 512, na kompyuta ya kawaida yenye kiunganishi kidogo inaweza kuzungumza nao. Kumbi nyingi zina hazina hii juu ya dari na hakuna msanii aliyeruhusiwa kuigusa. Mpe mtu wa programu taa nne za akiba na jioni moja na fundi wenu, uone kitakachotokea. Fundi huyo awe sehemu ya mradi tangu mwanzo. Asije kukabidhiwa diski siku ya ufunguzi.

Na zimeni masasisho ya moja kwa moja kwenye kompyuta za jukwaani! Nimeshuhudia ujumbe wa "tafadhali subiri" ukiwa na upana wa jukwaa zima.

Fundi_Pazia

Nimecheka kwa uchungu hapo mwisho. Asanteni sana.

Dada Msimbo, hilo la leseni nitalipeleka kama lilivyo. Swali linalofuata: bodi inataka wanaokaa chumbani walipe pango la meza ili chumba kijiendeshe. Mnaonaje? Na programu za bure zinatosha kuanzia?

Mpita_Kumbi

Kuhusu pango, kaangalieni Watershed ya Bristol, Uingereza. Ni nyumba ya filamu na sanaa iliyofunguliwa 1982. Mwaka 2008 ilianzisha studio kwa kushirikiana na wengine, ikiwemo maabara ya kampuni ya kompyuta ya HP. Wakazi wa studio ile ni wasanii, wahandisi, watafiti na wenye biashara changa, na hawalipi meza. Wanachoombwa ni ukarimu: ukubali kukatizwa kazi yako mwenzako anapohitaji jicho au maoni. Pia kuna mazungumzo ya Ijumaa mchana yaliyo wazi kwa umma, ambapo mtu anaeleza anachokifanya.

Mnaona mantiki yake? Anayelipa pango ana haki ya kuvaa vipokea sauti masikioni na kutosemeshwa. Asiyelipa ana deni la kuwasikiliza wenzake. Mkitoza, mtapata ofisi ya kupanga, ambayo si kitu kibaya, ila sicho mlichokitangaza. Bila shaka lazima fedha itoke mahali pengine, na bodi iambiwe hivyo waziwazi.

Programu za bure zinatosha sana. Processing ilianzishwa 2001 na Casey Reas na Ben Fry mahsusi kwa ajili ya watu wa sanaa wanaojifunza kuandika programu, Pure Data inashughulikia sauti, Blender picha za 3D. Ukiongeza Arduino chache (vikompyuta vidogo vya kuendesha vifaa vya umeme) na vihisi vya mwendo, una maabara.

Mtunza Ghala

Naongezea kuhusu uhai wa kazi baada ya makofi. Microsoft ilitoa kamera ya Kinect 2010, wasanii wakaipenda kwa sababu iliona umbali na umbo la mwili, kisha 2017 ikaacha kutengenezwa. Flash, programu iliyoendesha michoro na michezo kwenye tovuti, nayo ilifikia mwisho wake Desemba 2020, na kazi nyingi za mtandaoni zikawa hazifunguki kwenye vivinjari vya kawaida.

Makumbusho ya sanaa ya Guggenheim, New York, yalibuni utaratibu ninaoupenda: unamhoji msanii mapema kuhusu kazi yake ikizeeka. Tuhifadhi mashine ileile? Tuigize mashine ya zamani ndani ya mpya? Tuihamishie kwenye teknolojia nyingine? Au mtu mwingine aitafsiri upya kabisa? Majibu hutofautiana mno. Mmoja atakwambia skrini ndiyo kazi yenyewe, mwingine hajali kabisa skrini ni ipi. Wekeni swali hilo kwenye ule ukurasa wa makubaliano, na nakala ya programu ibaki ukumbini pamoja na maelezo ya kuiwasha yaliyoandikwa kwa mtu asiyemjua aliyeitengeneza.

Fundi_Pazia

Basi nitakachopeleka kwa bodi ni hiki: fedha ya miwani igawanywe kati ya kebo na malipo ya watu wawili wawili, msanii na mtaalamu, kwa miezi michache. Mwishoni wanaonyesha walipofikia, hata kama hakijakamilika. Kuna nilichokisahau?

Dada Msimbo

Hilo la "hata kama hakijakamilika" liandike kwa herufi kubwa, na mfadhili atie saini hapo.

Nuru ya Jukwaa

Umesahau ufunguo. Watu wa namna hii wanafanya kazi usiku, kwa hiyo amueni mapema nani anafungua, nani anafunga, na bima inasemaje kuhusu vifaa vyao binafsi. Na kama kutakuwa na kulehemu, moshi wake unaweza kuamsha king'ora cha moto, na kikilia kuna onyesho upande wa pili wa ukuta, watazamaji wote nje. Zungumza na mtu wa usalama wa jengo kabla hamjaingiza meza.