VirtualDJ, Mixxx au Audacity: ipi ya kuanzia rimiksi na mashapu?

Kijana_wa_Wete
Assalaam alaykum. Nina laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 4, kontrola (meza ya DJ ya kuchomeka kwenye kompyuta) sina, na pesa ya leseni kwa sasa sina. Nataka kutengeneza mashapu, yaani kuitoa sauti ya mwimbaji kwenye wimbo mmoja niiweke juu ya biti ya wimbo mwengine. Nimesoma habari za programu hizi mpaka kichwa kimejaa. Wenye uzoefu, nianzie wapi?

DJ_Michenzani
Waalaykum salaam yakhe. Anza na VirtualDJ. Kwa mazoezi ya nyumbani bila kontrola ni bure, na tangu toleo la 2021 inatenganisha sauti, ngoma na besi papo hapo huku wimbo unapiga. Deki (kichezeo cha wimbo ndani ya programu) ya kushoto unabakisha sauti tu, deki ya kulia unaizima sauti unaacha biti, mashapu ishaanza. Serato nayo nzuri, ila raha yake utaiona ukiwa na kontrola. Jambo moja ulijue mapema: siku ukianza kulipwa kwenye harusi, VirtualDJ itakubidi uinunulie leseni.

BintiMkoani
Kaka amesema kweli, lakini kwa GB 4 mimi ningepita njia nyengine. Kutenganisha wimbo papo hapo kunaielemea sana prosesa. Laptopu yangu ya mwanzo ilikuwa kama hiyo yako, na sauti ilikuwa ikikatikakatika kila nikiwasha stemu, yaani huko kutenganisha.

Shusha Ultimate Vocal Remover, programu ya kutenga sauti na ala. Ni bure, na ukishaishusha pamoja na modeli zake haitaki intaneti. Mimi huiwasha kabla ya kulala, asubuhi nakuta faili mbili: sauti peke yake na ala peke yake. Ikilemewa, ukate wimbo vipande kwanza. Na laptopu iwe na chaji ya kutosha, umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Faili zikishatengwa zifungue kwenye Mixxx, programu ya DJ ambayo ni bure hata ukiitumia kwenye kazi ya kulipwa. Inapima BPM (mapigo kwa dakika), inatafuta kii (ufunguo wa wimbo), inarekodi. Tena tafuta nakala safi ya wimbo. MP3 ya ubora mdogo, kama ya kbps 128, ukiitenga, sauti hutoka kama mtu anaimba ndani ya pipa la maji.

Kijana_wa_Wete
Ahsante dada. Na Audacity, ile ya kuhariri sauti, vipi? Biti ninayo ya BPM 104, sauti ninayoitaka ni ya taarab, programu imenisomea 96.

FundiKanuni
Mwanangu, hapo kwenye taarab ndipo penye kazi, kwa hiyo nisome polepole.

Usiuburuze wimbo mmoja kuufuata mwengine. Kuitoa sauti 96 mpaka 104 ni zaidi ya asilimia 8, na mwimbaji ataonekana anakimbizwa. Vikutane 100: sauti ipande kama asilimia 4, biti ishuke kama asilimia 4. Masikio hayatalalamika.

Halafu kii. Programu nyingi huiandika kwa namba na herufi, kama 8A. Hiyo hukaa vizuri na 8A mwenzake, 7A, 9A au 8B. Sauti ikiwa 1A na biti 8A, ipandishe sauti nusu hatua moja tu, vitakutana. Lakini namba hizo zinajua meja na maina peke yake, ngazi mbili za muziki wa Kizungu. Nyimbo zetu za kale nyingine zimejengwa juu ya makamu za Kiarabu (ngazi za noti za muziki wao), na mimi ninayepiga ala ya kanuni nimeona programu ikizibandika kii isiyokuwa yake. Piga noti ya mwisho ya ubeti kwenye kinanda cha simu, uamini sikio lako.

Kubwa kuliko yote ni mapigo. Taarab iliyorekodiwa na wapigaji hai, tangu zile santuri za Siti binti Saad za Bombay mwaka 1928, haina mashine ya kuyashika. Wimbo unaosomeka 96 unaweza kuanza 94 ukamaliza 99. Ukibonyeza Sync (kitufe cha kulinganisha mapigo) kwenye programu ya DJ, ubeti wa kwanza utakaa, wa tatu utakuwa nje. Hapo ndipo Audacity inaposhinda. Tangu toleo la 3.4 ina mistari ya mapigo, na unaweza kuvuta kipande cha sauti kikarefuka au kufupika bila kii kubadilika. Ukate wimbo ubeti kwa ubeti, kila ubeti uukalishe kwenye pigo lake la kwanza. Ni kazi ya saa mbili tatu, na inastahili.

DJ_Michenzani
Maalim, hilo la mapigo sikulifikiria, mimi nimezoea bongo fleva zilizotengenezwa kwa kompyuta na gridi yake haitikisiki. Kwa taarab nakubali, Audacity kwanza. Kijana, kabla hujaipandisha mtandaoni waulize wenye wimbo. COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, wapo kwa ajili ya haki hizo, na wasanii wetu wanaishi kwa nyimbo hizo.

BintiMkoani
Nyongeza ndogo: biti nyingi hubadilika kila baada ya mapigo 32. Kiitikio kianzie hapo panapobadilika. Kikianzia katikati, hata kama BPM na kii vimekubaliana, wachezaji watahisi wamejikwaa.

Kijana_wa_Wete
Nimerudi. Nimetenga jana usiku, leo nimekalisha beti mbili kwenye Audacity kwa BPM 100 na zimekaa, alhamdulillah. Tatizo ni kwamba kwenye faili ya sauti fidla bado inasikika nyuma ya mwimbaji.

FundiKanuni
Fidla hujibu sauti ya mwimbaji kwa karibu, ndiyo maana programu inazichanganya. Pale mwimbaji anaponyamaza, ishushe sauti kabisa. Pale anapoimba, iache. Kisha ubeti wa tatu utuwekee hapa tuusikie.