Wakuu naombeni ushauri: niuze ampu yangu ya tyubu nichukue modela, au nitakuja kujuta?

Nyuzi_Sita
Wakuu habari zenu. Nimezunguka na hili jambo muda sasa nikaona bora nililete hapa kabla sijafanya maamuzi. Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi, nina Fender Twin Reverb ya tyubu (zile balbu za kioo zinazokuza sauti), ile kombo, ampu na spika kwenye boksi moja, ya wati 85 yenye spika mbili za inchi 12. Kwa sauti sina la kulalamika, klini yake (sauti safi isiyokwaruza) ikilia hata asiyejua gitaa anageuza shingo. Tatizo langu ni kwamba ile kitu ina karibu kilo 29 na mbebaji ni mimi mwenyewe, ngazi napanda nayo mimi, nashuka nayo mimi, mgongo umeshaanza kunidai. Halafu nyumbani siifungui kabisa, kitasa cha volyumu kikifika mbili tu jirani anagonga ukuta, na ukiipiga chini ya hapo inakuwa haina utamu wowote. Kwenye bendi nako fundi mitambo kazi yake ni kuniambia punguza, punguza tena, mpaka najiona kama nacheza peke yangu.

Sasa wenzangu wanataka wote tuhamie kusikilizia masikioni, jukwaani kusiwe na spika hata moja. Nikaanza kuangalia hizi modela, vifaa vya dijitali vinavyoiga sauti za ampu, kama Helix, Quad Cortex, Kemper. Kwenye video zote zinalia vizuri, mpaka nashindwa kutofautisha na ampu yenyewe. Nikaazima moja kwa rafiki yangu nikaichomeka kwenye Twin yangu, wakuu, ilisikika kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa. Nikaizima.

Kuna aliyehama kutoka tyubu akabaki huko huko? Au mimi ndio sijui kuitumia? Naombeni tu tusitukanane, najua huu mjadala huwa unawaka.

Kipaza_K
Nimeweka kiti hapa, ngoja waje wenyewe.

MzeeWaTyubu
Usiuze. Narudia mkuu, usiuze. Hao wa modela watakuja na grafu zao hapa lakini gitaa halipigwi kwa macho. Ukigonga nyuzi kwa nguvu kwenye ampu ya tyubu, umeme wa ndani unashuka kidogo halafu unarudi, unaisikia kwenye vidole, noti inajikaza kisha inachanua. Ukilegeza mkono nayo inalegea. Hiyo ndiyo raha yenyewe, wewe na ampu mnajibizana.

Halafu fikiria hili, ampu za Fender za miaka ya 60 mpaka leo zinapanda jukwaani, fundi anabadilisha kapasita na tyubu maisha yanaendelea. Niambie nani leo anagombania POD ya Line 6 ya mwaka 1998, yule maharage mwekundu aliyekuwa kila studio? Hizo ni kompyuta mkuu, kompyuta huzeeka kama kompyuta.

Laini_Moja
Mzee heshima yako, ila ya 1998 unailinganisha na za leo kweli? Hata Metallica wenyewe mwaka 2013 walipiga Antaktika bila ukuta wa spika, watazamaji wamevaa hedifoni. Kama Metallica wameweza kupiga shoo namna hiyo sisi ni nani.

MzeeWaTyubu
Metallica wana mafundi wanaowabebea na kuwasetia kila kitu kijana wangu. Nyuzi_Sita fundi wake ni yeye mwenyewe.

Dada_Mikisa
Mimi sipigi gitaa, mimi ndiye yule anayewaambia mpunguze. Kwa hiyo niruhusuni niseme ninavyoona kutoka upande wa mikisa.

Nyuzi_Sita, kabla hujaihukumu hiyo modela niambie kwanza, uliichomeka wapi kwenye Twin? Inputi ya mbele ile ya gitaa? Na ndani ya modela ulikuwa umechagua ampu na kabati la spika?

Nyuzi_Sita
Inputi ya mbele dada, ndiyo iliyopo. Na ndani nilichagua priseti (sauti iliyopangwa tayari) ya ampu ya Marshall, ilikuja na kila kitu chake.

Dada_Mikisa
Basi nyuki wako tumewapata. Hiyo priseti ni ampu nzima, ina priampu (hatua ya kwanza ya kukuza sauti), ina hatua ya nguvu, ina spika, na ina maikrofoni mbele ya spika. Ukaichukua sauti iliyokwishakamilika ukaiingiza kwenye ampu nyingine, ikapita priampu ya pili, halafu ikatokea kwenye spika za gitaa, na spika za gitaa zenyewe ukivuka kama kilohezi 5 zinaporomoka. Umechuja kilichokwishachujwa. Hata ungechomeka modela ghali kuliko zote ingelia hivyo hivyo.

Wenye ampu zenye lupu ya efekti (matundu ya nyuma ya kuingizia efekti baada ya priampu) huwa wanazima spika za ndani ya modela wanaingilia kule nyuma, kwenye ritani, wanairuka priampu. Sasa Twin haina lupu, kwa hiyo kwako mlango huo haupo. Modela kwenye Twin itumie kama boksi la pedali tu, dilei na mwangwi, mambo ya ampu yote zima. Ukitaka kuisikia modela yenyewe ipeleke kwenye spika ya kawaida ya PA, au moja kwa moja kwenye mikisa.

Na kuna jambo huwa nawaambia wapiga gitaa wananuna. Sauti ya Twin unayoipenda unaisikia wewe uliyesimama mita mbili mbele yake. Watu ukumbini wanasikia maikrofoni niliyoibandika inchi moja kutoka kwenye spika, ikapita kwangu, ikatoka kwenye spika zangu. Modela inaiga hiyo ya maikrofoni, haiigi ile ya chumbani. Ndiyo maana kwenye video huoni tofauti, kwa sababu kwenye video zote mbili zimepita maikrofoni au kitu cha kuiga maikrofoni. Ukihama, utakachokikosa ni hewa inayokupiga miguuni. Sasa kama bendi yenu inahamia masikioni, hiyo hewa unaikosa hata ukibaki na Twin, maana itabidi uifungie chumba cha nyuma.

MzeeWaTyubu
Dada hapo kwenye hewa umekubali mwenyewe. Hiyo hewa ndiyo inayofanya nyuzi zijibu, fidibeki ile ya kushika noti moja mpaka ugeuke umalize kutabasamu. Kwenye masikio utaipata wapi?

Dada_Mikisa
Hapo Mzee sibishi. Fidibeki ya spika na gitaa kwenye chumba kimoja modela haina. Zipo pedali za kuiiga, ila ni kuiga.

Soda_na_Waya
Mimi ni fundi, natia neno langu. Wengi wanagombania sauti wanasahau matunzo. Tyubu za gitaa leo zinatoka viwanda vichache sana duniani, Slovakia, Urusi, China. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia usafirishaji kwa muda watu walihaha, bei zikaruka kila mahali. Twin ina tyubu za nguvu nne, aina ya 6L6, ukibadilisha unabadilisha zote kwa pamoja zikiwa zimelinganishwa na unapima bayasi (kiasi cha umeme tyubu zinachotumia zikiwa zimetulia). Sio kazi ya kujaribia nyumbani, kapasita za mle ndani zinashika mamia ya volti hata ukiwa umeshachomoa waya ukutani. Msifungue kama hamjui.

Na kingine, kuna atakayekushauri ununue loadi boksi, boksi linalopokea nguvu ya ampu badala ya spika, uichomeke mahali pa spika ili upige kimya. Ni wazo zuri tu, ila Twin inatoka omu 4, hakikisha boksi ni la omu hizo hizo na linamudu wati zake. Usije ukaiwasha ampu ya tyubu halafu hakuna spika wala loadi, transfoma ya kutokea inaweza kwenda na hiyo ndiyo roho ya ampu.

Ridhimu_Tu
Mi naona hapa tunalazimishana pande mbili tu. Kama kesi ni uzito na jirani si achukue Deluxe Reverb? Wati 22, karibu kilo 19, na ni tyubu.

Dada_Mikisa
Kwa mgongo itamsaidia, kwa jirani hapana. Kutoka wati 85 kwenda 22 unapunguza kama desibeli 6 tu, sikio halihesabu kama wati. Wati 22 za tyubu zikifunguliwa bado jirani atagonga ukuta, na bado mimi nitasema punguza 😅

Laini_Moja
Ipo na Tone Master Twin, Fender waliitoa 2019. Kwa nje ni Twin ile ile, ndani ni dijitali, kilo 15 hivi, nyuma ina swichi ya kushusha nguvu mpaka wati 1 na ina tundu la kwenda moja kwa moja kwenye mikisa. Lakini ni Twin tu, ukitaka Marshall utatafuta pedali.

Nyuzi_Sita
Aisee nilikuwa siijui hiyo. Ila kama tunahamia masikioni bado nitakuwa nabeba spika ambazo hazina kazi.

Dada nikuulize, rafiki yangu priseti zake chumbani zinalia tamu, jukwaani zinakuwa nzito chini na zinachoma juu. Hapo tatizo ni modela?

Dada_Mikisa
Hapana, ni masikio. Fletcher na Munson walishalipima tangu 1933, sauti ikiwa ndogo sikio halisikii vizuri besi wala zile za juu kabisa. Kwa hiyo mtu yuko chumbani saa sita usiku, volyumu ndogo, anaongeza besi, anaongeza treble, anafurahi. Akija kwangu nikaifungua mpaka volyumu ya ukumbi sikio linaamka, ile besi aliyoiongeza inakuwa tope linakaa juu ya gitaa la besi na kick, na ile treble inatoboa. Priseti itengenezwe kwenye volyumu itakayopigiwa, na itengenezwe bendi nzima ikiwa inapiga. Ukiwa peke yako gitaa likilia jembamba kidogo, mara nyingi kwenye bendi ndio linakaa pake.

Kidole_Gumba
Mimi nilihama na sijarudi. Nyuzi_Sita wewe unapiga klini, dilei, mwangwi, ovadraivu kidogo, sivyo? Basi huna pengo kubwa. Twin yenyewe ni ampu ya klini, hakuna binadamu anayeifikisha kwenye kuvunjika, yaani sauti kuanza kukwaruza, jukwaani siku hizi. Ninapoona tofauti mimi ni pale katikati, ile sauti iliyo karibu kuvunjika lakini haijavunjika, unaitawala kwa kitasa cha volyumu cha gitaa. Modela za zamani hapo zilikuwa zinaruka, mara klini mara uchafu. Za sasa zinafuata mkono, ingawa kuna siku bado nahisi kitu hakipo, siwezi kukueleza ni nini.

Wanaolalamika kuchelewa kwa sauti wasikutishe. Sauti hewani inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde, modela ikichelewa milisekunde 3 ni kama umesimama mita moja kutoka kwenye spika. Ila ukipanga vifaa vya dijitali kwenye foleni, kifaa cha gitaa kisichotumia waya, modela, mikisa, masikio, zinajumlika, hapo uanze kuhesabu.

Kabla hujatoa hela shusha NAM kwenye laptopu, ni programu ya kuiga ampu, ya bure kabisa, tafuta kapcha (nakala ya kidijitali ya sauti ya ampu halisi) ya Twin uisikilize kwa hedifoni nzuri. Na hata ukija kuuza, kwanza kapcha Twin yako mwenyewe. Ila ujue kapcha ni picha ya vitasa vilivyokaa mahali pamoja, ukitaka treble nyingine piga picha nyingine.

Soda_na_Waya
Kwa kuikapcha utahitaji lile loadi boksi au maikrofoni na chumba chenye heshima. Usiirekodi jikoni.

MzeeWaTyubu
Kapcha, kapcha. Haya mkuu fanya majaribio, lakini ukiiuza niambie mimi kwanza. Sitauliza uzito.

Nyuzi_Sita
Hahaha Mzee namba yako nimeihifadhi. Wakuu nashukuru sana, kumbe nilikuwa naihukumu modela kupitia tundu ambalo sio lake. Siuzi sasa hivi. Naazima tena ile ya rafiki, safari hii inaenda kwenye mikisa siku ya mazoezi. Dada Mikisa natoa waya gani na kitasa cha volyumu cha modela nikiweke wapi?

Dada_Mikisa
XLR, sio ile jeki ya gitaa. Ukisikia mgurumo kuna kiswichi cha kukata graundi, kibonyeze. Na ingia kwenye setingi uitenganishe XLR na kile kitasa kikubwa, ili ukijiongezea wewe masikioni usiniongezee na mimi kwenye ukumbi. Hapo ndipo huwa tunagombana na wenzako.

Nyuzi_Sita
Sawa. Nije na priseti zangu au tutengenezee hapo hapo?

Dada_Mikisa
Njoo na moja tu ya klini, mwangwi umezimwa. Na uwahi kabla ya mpiga dramu.