Naombeni ushauri: mbwa mweusi kwa rangi za mafuta, manyoya yamegoma

Kijana wa Brashi: Wakuu habari zenu. Namchora mbwa wa shangazi, mweusi tii, kazeeka sasa na shangazi anampenda mno, nataka apate picha yake mapema. Natumia rangi za mafuta, naangalizia picha ya simu. Macho na pua vimekubali ila mwili umegoma, napiga unywele mmoja mmoja na nyeusi ya tyubu lakini anaonekana kama gunia lililopakwa lami. Shida ni brashi au?

Fundi Kanvasi: Brashi haina shida mkuu. Finya macho kidogo uiangalie hiyo picha, utaona weusi wake sio mmoja, kuna kivuli shingoni na tumboni, kuna sehemu ya kati, halafu mng'ao mgongoni na kichwani. Paka hayo matatu kwanza kwa brashi pana ukifuata manyoya yanavyolala, usoni mafupi yanarudi nyuma, kifuani yanashuka. Unywele mmoja mmoja ni mwisho kabisa tena michache, ukingoni mwa masikio na pale mwanga unapopiga.

Mama Rangi: Na hiyo nyeusi ya tyubu weka pembeni mwanangu. Changanya bluu ya altramarini na banti amba (ile kahawia iliyokolea), inatoka nyeusi yenye uhai, ukizidisha bluu inapoa, ukizidisha amba inapata joto. Mng'ao wa mgongoni usiweke nyeupe tupu, kama kapigwa picha nje basi manyoya yanayotazama juu yanabeba bluu ya anga.

Kijana wa Brashi: Asante sana mama, kweli kapigwa uani mchana. Sasa niliyokwisha paka nifute?

Fundi Kanvasi: Ikiwa mbichi futa na kitambaa. Ikishakauka paka juu yake, ila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ukigeuza itakuja kupasuka. Na tafadhali vitambaa vyenye mafuta ya linsidi (yale ya kuchanganyia rangi) usivirundike, vinajipasha joto vyenyewe hadi vinawaka moto, vitandaze nje vikauke.

Mzee wa Michoro: Mtafute Edwin Landseer, Mwingereza (1802–1873), kachora mbwa hadi wale mbwa wa aina ya Newfoundland weupe wenye mabaka meusi wakaitwa kwa jina lake. Zikuze picha zake, angalia sehemu za kivuli uone kachora nywele ngapi. Vanishi ya mwisho ngoja kama miezi 6 hivi, ila shangazi mpe tu picha ikishakauka juu, vanishi utaenda kuipaka hukohuko kwake.