Mabaka ya kijivu kwenye lipu ya pisini: wakandarasi wa Lubumbashi, acheni kuisingizia shaba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Pisini, yaani bwawa la kuogelea, ya nyumba yetu ya wageni ilipigwa lipu mpya ya saruji nyeupe na unga wa marumaru, na kabla msimu wa mvua haujaisha kuta zake zilikuwa zimejaa mabaka ya kijivu. Mkandarasi alikuja, akatazama kidogo, akasema: «Mama, hapa ni Katanga, maji yetu yana shaba.» Kisha akadai malipo mengine ili aioshe kwa asidi.

Jibu hilo si la kweli, na mtu wa kazi hiyo anapaswa kulijua. Shaba ikishika lipu kwa kawaida huacha rangi ya kijani au ya buluu, na mara nyingi hutokana na dawa ya kuua mwani au na mabomba ya shaba yanayoliwa na maji yenye asidi. Chuma, ambacho kweli kimejaa katika udongo wetu mwekundu, huacha rangi ya kahawia. Majani ya miembe yakioza chini ya maji nayo hutia doa. Lakini hayo yote hushika usoni: kidonge cha vitamini C hufifisha doa la chuma, na klorini hung'arisha doa la majani. Tulijaribu vyote viwili na mabaka hayakubadilika hata kidogo, kwa maana rangi hiyo imo ndani ya lipu yenyewe.

Imeingiaje? Mafundi wa mkandarasi huyo, kwa kuogopa mvua, walikuwa wakitia kloraidi ya kalsiamu kwa kukisia ili saruji ishike upesi, ilhali kipimo kinachokubalika hakizidi asilimia 2 ya uzito wa saruji. Chumvi hiyo huzuia sehemu ya saruji yenye chuma isikolee maji vizuri, na sehemu hiyo hubaki na weusi wake. Hata saruji nyeupe ina chuma kidogo. Halafu walirudi na mwiko wa chuma lipu ikiwa imekwisha kukaza, wakaikandamiza mpaka ikashikamana mno na kugeuka kijivu, na palipokuwa pamekauka wakarashia maji kwa brashi, pakawa na vitundu na weupe uliopauka. Sehemu hizo mbili zikikaa bega kwa bega, mabaka yanatoka wapi tena kama si hapo?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiyo asidi. Lipu ya pisini ina unene wa takriban sentimita 1 tu; asidi huila, huikwaruza, na uso uliokwaruzika hushika uchafu na mwani kwa urahisi zaidi, huku kijivu kikibaki palepale. Tulipe ili tuharibiwe?

Maji nayo yana sehemu yake, sikatai, kwani pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi katika maji, ikishuka chini ya 7.2 lipu huanza kuliwa. Lakini mkandarasi hakutuachia hata karatasi moja ya maelekezo ya kutunza maji hayo.

Namtaka abomoe lipu ile na kuipiga upya kwa gharama yake. Nanyi mnaotaka kujenga, kabla ya kutoa malipo ya kwanza andikeni katika mkataba kwamba kloraidi itapimwa kwa mizani mbele yenu, na kwamba hakuna fundi atakayerashia maji juu ya lipu inayokaza.