Tupeane uzoefu: wenye kigugumizi, na wale wanaosema kwa kasi hadi hawaeleweki

Wakuu, salaam. Nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka 4, na ushauri niliopewa maisha yote ni ule ule: "Sema polepole." Ndugu zangu, mimi nikikwama sina haraka yoyote. Neno nalijua, lipo mdomoni, sauti ndiyo inayogoma. Maneno mengine nayakwepa kwa kuweka yanayofanana nayo, lakini jina langu nitaliwekea nini? Hapo ndipo ninapoteseka.

Shuleni tukisoma darasa zima kwa pamoja, sikukwama hata mara moja. Mwalimu akaona najiendekeza. Ukubwani ndiyo nikasoma kwamba watafiti wanalijua jambo hili siku nyingi: wengi wetu tukisoma sambamba na mwenzetu, au tukiimba, ulimi hunyooka. Laiti mwalimu angelijua. Nanyi leteni yenu.

Mchangiaji wa 1
Mimi ni mama. Mwanangu alianza ghafla akiwa na miaka 3, "ma-ma-ma-maji", na ndugu wakasema nilimtisha. Nililia sana. Mtaalamu wa tiba ya usemi alinieleza kwamba takriban watoto 5 kati ya 100 hupitia hali hii na wengi huivuka. Kwa watu wazima hubaki kama 1 kati ya 100. Kazi akanipa mimi, si mtoto: nisimmalizie neno, nimtazame kwa utulivu, nami nipunguze kasi yangu. Bado anakwama, ila siku hizi anasimulia hadithi mpaka mwisho.

Mchangiaji wa 2
Kwangu ni kasi. Silabi nazimeza, maneno yanapandana. Mleta mada anajua anapokwama. Mimi nilikuwa sijui kabisa mpaka niliposikiliza sauti yangu iliyorekodiwa. "Polepole" kwangu hudumu sentensi mbili. Kinachonifaa ni kutua: nasema kifungu, nanyamaza, naendelea.

Mchangiaji wa 3
Siku moja simu ilikuwa na mwangwi, najisikia kwa kuchelewa, nikazungumza bila kukwama! Kumbe mtafiti mmoja aitwaye Lee alishaandika mwaka 1950 kwamba msemaji wa kawaida akisikia sauti yake ikichelewa sehemu ndogo ya sekunde, hubabaika. Kwa baadhi yetu wenye kigugumizi hutokea kinyume. Nikapakua programu ya kuchelewesha sauti. Wiki za mwanzo ilinisaidia sana, kisha nafuu ikapungua. Nasema ukweli ili mtu asije akaweka matumaini yote hapo.

Mleta mada
Mama hapo juu, nakusihi ule mzigo utue. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza jeni 3 zinazohusishwa na kigugumizi katika baadhi ya watu. Kwetu anacho baba mdogo, alikuwa nacho babu, na hakuna aliyetutisha. Hebu ulizia kwenu na kwa baba yake mtoto, kisha urudi utuambie.